Uzi: Mwimbaji wa jazi na wapigaji wake jukwaani. Nani anashika mwendo, nani anajibu, na wapi panaharibika

KinandaChaUsiku (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu ndani.

Nafungua uzi huu tuchambue jambo moja tu: kinachotokea kati ya mwimbaji wa jazi na wanaomsindikiza pale wimbo unapotungwa upya papo kwa papo, mbele ya watu. Wengi huamini utunzi wa papo kwa papo ni kazi ya mwenye solo, na waliobaki wanamtandikia mkeka. Sivyo. Mwimbaji akichelewesha neno moja kwa pigo moja, ameshabadilisha kazi ya watu watatu walio nyuma yake, hata kama hajaongeza noti yoyote.

Tukubaliane maneno kwanza. Baa moja hapa ni mapigo manne. Raundi ni mzunguko mzima wa wimbo. Nyimbo nyingi za jazi zina raundi ya baa 32, vipande vinne vya baa 8: A, A, daraja (kipande chenye melodi tofauti), kisha A ya mwisho. Bluzi ina baa 12. Raundi haibadiliki hata kama kila kitu kingine kimebadilika; ndiyo ramani ya kila mtu aliye jukwaani.

Fanyeni hesabu hii kabla ya kupanda. Wimbo wa mapigo 60 kwa dakika, raundi yake ya baa 32 ni mapigo 128, yaani dakika 2 na sekunde 8. Mwimbaji akiimba raundi nzima, piano ikachukua solo raundi nzima, kisha mwimbaji akarudia yote, hapo ni dakika 6 na sekunde 24, bila utangulizi wala mwisho. Ni ndefu mno kwa wimbo wa taratibu. Ndiyo maana kwa kawaida solo huchukua A mbili za mwanzo tu na mwimbaji anarudi kwenye daraja. Kwa mapigo 240 raundi hiyohiyo ni sekunde 32, kwa hiyo raundi mbili au tatu za solo si tatizo.

Vitu vya kukubaliana kabla ya wimbo ni sita: kii (noti ambayo wimbo umejengwa juu yake), mwendo, utangulizi unaanzia wapi, nani anapiga solo, mwimbaji anarudi wapi, na mwisho ukoje. Basi. Mkipanga na majibu ya piano katikati ya mistari, mmeua kilichowaleta. Msipopanga mwimbaji anarudi wapi, mmetengeneza ajali.

Kuhusu kii: karatasi zilizochapwa mara nyingi zimewekwa kwa kii zinazowafaa wapuliza saksafoni na tarumbeta. Waimbaji wengi wa kike huhitaji kushuka hatua nne au tano kutoka hapo. Na kii ya mtu anayetunga papo kwa papo si kii ya mtu anayeimba melodi kama ilivyoandikwa. Melodi ikibadilishwa hupanda juu ya noti ya juu kabisa iliyo kwenye karatasi. Acheni angalau toni moja na nusu ya akiba juu ya noti hiyo. Mwimbaji asiye na akiba huishia kubadilisha kwa kushuka tu, kila mstari, na wasikilizaji wanachoka bila kujua kwa nini.

---

SautiYaAlto

Mleta uzi umefungua vizuri. Niongeze kuhusu kuhesabu na ishara, maana hapa waimbaji wengi humwachia mpiga piano halafu wanalalamika mwendo haukuwa wao.

Anayejua maneno ndiye anayejua mwendo. Kabla ya kuhesabu, imba kimoyomoyo mstari wenye silabi nyingi kuliko yote, mara nyingi uko kwenye daraja. Mwendo ambao mstari huo unatamkika bila kukimbia ndio mwendo wako. Ushikilie kwa mguu baa mbili, kisha hesabu: moja… mbili… moja, mbili, tatu, nne. Ile "moja… mbili…" ya kwanza ni ya mapigo mawilimawili. Hesabu kwa sauti tulivu ileile ya wimbo. Ukihesabu kwa ukali, mpiga ngoma ataanza kwa ukali.

Hofu huongeza mwendo. Moyo ukienda mbio, mapigo 120 yanaonekana ya kivivu na unahesabu 132. Dawa ni huo mstari wa silabi nyingi, maana ulimi hauwezi kudanganywa.

Ishara za mikono za kii, kwa wasiozijua: vidole vikielekea chini ni idadi ya fleti (noti zilizoshushwa nusu toni) kwenye kii, vikielekea juu ni idadi ya shapu (zilizopandishwa). Kimoja chini ni F, viwili B♭, vitatu E♭, vinne A♭. Kimoja juu ni G, viwili D. Kwa C, kunja kiganja kama herufi yenyewe. Hizi ni kabla wimbo haujaanza tu! Wimbo ukishaanza, vidole vinne maana yake "tupokezane baa nne nne". Kugusa kichwa ni "turudi kwenye melodi". Kidole kinachozungushwa hewani ni "rudia kipande hiki". Ngumi iliyoinuliwa ni "tunafunga". Ishara itolewe baa mbili kabla, si kwenye pigo lenyewe. Ukiinua ngumi kwenye pigo la mwisho, mpiga besi ameshaanza raundi nyingine, na kosa ni lako.

---

BesiMbao

Nakuja kwenye jambo linaloharibu maonyesho kuliko yote: mwimbaji anayevuta maneno nyuma ya pigo, na bendi inayomsubiri.

Kuvuta nyuma ni lugha ya msingi ya uimbaji wa jazi. Msikilizeni Billie Holiday kwenye rekodi za miaka ya 1930 akiwa na Teddy Wilson kwenye piano. Sauti inaingia imechelewa, inaelea, inafika mwisho wa mstari pale anapotaka yeye, na chini yake mapigo hayatikisiki. Utamu wote uko kwenye umbali huo kati ya sauti na pigo. Sasa bendi ikihisi "dada amechelewa, tumngoje", umbali unakufa. Naye akihisi bendi imekuja alipo, anavuta nyuma zaidi ili aupate tena. Bendi inamfuata tena. Mlianza mapigo 120, raundi ya pili mko 108, na kila mtu anamtazama mpiga ngoma.

Kwa hiyo kanuni ya besi: ukisikia mwimbaji anarudi nyuma, wewe usimwendee. Besi inayotembea, noti nne kwa baa, noti ya kwanza ya kila baa iwe wazi kabisa, na mara nyingi iwe mzizi wa kodi, yaani noti ya msingi ya lile kundi la noti zinazolia pamoja. Huo si wakati wa kuonyesha njia za ajabu za kuingilia kodi kutoka nusu toni ya juu. Mwimbaji aliye mbali na pigo anahitaji ukuta wa kuegemea. Akirudi kwenye pigo, akaimba melodi karibu na ilivyoandikwa, ndipo wewe una uhuru wa kutembea kwa mbali. Uhuru unapokezana: mmoja akienda mbali, mwingine anabaki nyumbani.

Upande wa mwimbaji, kuvuta nyuma kuna mpaka wake. Unaweza kuchelewa ndani ya mstari, lakini fika pamoja na bendi pale kodi inapobadilika kwa uzito, hasa mwisho wa baa 8 na kodi ya kwanza ya daraja. Noti iliyokuwa tamu juu ya kodi ya kwanza inaweza kugongana kabisa na kodi inayofuata. Mfano: uko kwenye C kubwa (meja) na umeshikilia B, noti ya saba, ni nzuri sana. Ukichelewa nayo hadi bendi imeingia F ndogo (maina), hiyo B sasa iko nusu toni chini ya C, ambayo ni noti ya tano ya kodi hiyo. Wasikilizaji hawatasema "ameimba kwa hisia", watasema ameimba nje.

Zoezi: metronomu kwenye 60, mlio wake muuchukulie kuwa pigo la pili na la nne la mwendo wa 120. Mwimbaji aimbe mstari mmoja wa baa nne mara tano: mara ya kwanza juu ya pigo, ya pili anachelewa nusu pigo, ya tatu pigo zima, ya nne anachelewa mwanzoni na kufidia mwishoni kwa kubana maneno, ya tano anatangulia. Besi iko naye muda wote na haibadilishi chochote. Mkiweza hilo, shusheni metronomu hadi 30, mlio mmoja tu kwa baa, kwenye pigo la nne. Hapo mtajua nani alikuwa anaegemea metronomu badala ya kubeba mwendo mwenyewe.

---

Chipukizi_Sauti

Shukrani walimu. Naomba kuuliza: utangulizi wa piano unapokwisha, nitajuaje noti yangu ya kwanza bila kubahatisha? Na nikitaka kufanya skati (kuimba silabi zisizo na maana badala ya maneno), naanzaje bila kupotea?

---

KinandaChaUsiku

Chipukizi, la noti ya kwanza ni jukumu la mpiga piano zaidi kuliko lako, kwa hiyo nawasemea wapiga piano.

Utangulizi wa kawaida ni baa 4 au 8 za mwisho za wimbo wenyewe, unaoishia kwenye kodi ya tano yenye saba, yaani iliyojengwa juu ya noti ya tano ya kii na kuongezwa noti ya saba. Kama kii ni F, unaishia C saba. Sasa angalia mwimbaji anaanza na noti gani. Kama anaanza na C, weka C juu kabisa ya kodi hiyo ya mwisho, ilie peke yake, halafu nyamaza. Kama anaanza na A, weka A hiyohiyo juu, kodi inaipokea bila shida. Kosa la kawaida ni kupamba kodi hiyo ya mwisho kwa noti zilizopindwa, tisa iliyoshushwa na tano iliyopandishwa kwa pamoja, kwa sababu mkononi zinapendeza. Kwenye C saba hizo ni D♭ na G♯. Umempa noti mbili zilizo nusu toni na noti anazozitafuta, na umempa sekunde moja ya kuchagua. Pambo liwekwe baa mbili kabla. Mlango wenyewe uwe mweupe.

Sasa usindikizaji wenyewe. Huu ndio moyo wa uzi kwangu: mpiga piano anasindikiza pumzi. Maneno yanaweza kukudanganya, melodi inaweza kubadilishwa, lakini mwimbaji hawezi kuimba bila kuvuta hewa. Kaa mahali unapoona mabega yake. Akivuta pumzi fupi, mstari ni mfupi na nafasi yako iko karibu. Akivuta ndefu, atapita juu ya ukomo wa mstari na kuunganisha na unaofuata. Ukijaza pale ulipozoea kujaza, utakuwa umesimama juu ya sauti yake.

Kwenye bluzi nafasi ziko wazi. Mistari mitatu, kila mmoja baa nne. Sauti huchukua takriban baa mbili za mwanzo na kidogo ya tatu, kilichobaki ni cha anayejibu. Rekodi ya Bessie Smith na Louis Armstrong ya Januari 1925 ni somo kamili. Armstrong kwenye kornet (ala ya kupuliza kama tarumbeta) anasubiri silabi ya mwisho itue, ndipo anajibu, na jibu linaisha kabla dada hajavuta pumzi. Angalieni pia kwamba harudii alichoimba Bessie. Anachukua umbo la mwisho wa mstari na kulipeleka mahali pengine.

Kwenye nyimbo za baa 32 nafasi ni finyu na zinahama. Hapo mimi napendekeza hivi: raundi ya kwanza, noti mbili tu za kila kodi, ya tatu na ya saba, mkono wa kushoto, eneo la chini kidogo ya C ya kati. Mzizi ni wa besi. Usipige melodi pamoja na mwimbaji hata siku moja, isipokuwa amepotea. Ukiipiga, unamlazimisha aimbe kama ilivyoandikwa, na akiibadilisha mnasikika kama watu wawili wanaobishana.

Akishika noti ndefu, sikiliza kabla ya kupamba. Tuseme kodi ni G saba na ameshikilia A. Wewe ukigonga A♭, mmegongana kwa nusu toni, na kwa msikilizaji mwenye kosa atakuwa mwimbaji, siku zote. Piga tatu na saba, B na F, subiri pigo moja, ndipo uongeze kinachoafikiana na A yake.

Na kwenye sehemu isiyo na mwendo, ile ya kuimba kwa uhuru kabla ngoma haijaingia, asindikize mmoja tu. Piano au gitaa, si vyote viwili. Kodi itue pamoja na vokali ya neno, siyo konsonanti. Neno likianza na "s" au "m", mdomo unaonekana umeshaanza lakini noti bado. Mpiga piano mwenye papara anatua kwenye "s", na kodi inasikika imetangulia. Besi ishike noti ndefu au inyamaze.

---

SautiYaAlto

Kwa Chipukizi, kuhusu skati.

Watu huanza na silabi. Silabi ni jambo la mwisho. Anza na mdundo wa melodi. Chukua mdundo uleule wa maneno, toa maneno, weka "du" na "ba", noti zilezile. Raundi inayofuata acha mdundo, badilisha noti za mwisho wa kila mstari tu. Inayofuata, badilisha mwanzo. Kwa njia hii melodi iko kichwani muda wote na huwezi kupotea, kwa sababu hujawahi kuiacha.

Kisha jifunze noti za kuongoza, ile tatu na saba alizotaja mleta uzi. Kodi zikienda D ndogo saba, G saba, C kubwa saba, basi C ya kodi ya kwanza inashuka nusu toni kuwa B kwenye ya pili, na F ya kodi ya kwanza inabaki F kwenye ya pili kisha inashuka E kwenye ya tatu. Imba njia hiyo kwa noti ndefu kwenye wimbo mzima, kila siku, hadi uweze kuiimba bila ala. Skati ya mtu anayejua njia hiyo inasikika kama kodi zinabadilika hata akiimba peke yake. Ya asiyeijua inasikika kama mtu anayehangaika kwenye skeli moja.

Silabi sasa: "b" na "d" kwa noti inayogonga, "l" na "v" kwa noti zinazoungana, "dli" au "dl" katikati ya noti za kasi ili ulimi usikwame. Vokali "i" inang'aa juu na inachosha koo, "u" na "o" zinakaa chini vizuri. Kujaza "shubi-dubi" kila mahali ni kuimba silabi badala ya muziki, na wapigaji wanachoka haraka kuliko wasikilizaji.

Urefu: raundi moja inatosha. Mbili kama una la kusema.

Armstrong ndiye aliyeifanya skati ijulikane kote kwa rekodi yake ya Februari 1926, lakini kwa mada yetu ya mwimbaji na bendi, sikilizeni Ella Fitzgerald Berlin, 13 Februari 1960. Maneno ya wimbo yanampotea katikati, anatunga mengine hapohapo yenye vina, tena anawaambia wasikilizaji kinachotokea. Msisikilize yeye peke yake. Sikilizeni Paul Smith kwenye piano, Jim Hall kwenye gitaa, Wilfred Middlebrooks kwenye besi na Gus Johnson kwenye ngoma. Hakuna anayesita. Wanaendelea na ramani ileile kwa nguvu ileile, na kwa hiyo yeye ana pa kusimama. Bendi ingepunguza sauti "kumsaidia", ingemwacha peke yake na kosa.

---

MatoaziMawili

Upande wa ngoma, kwa kifupi.

Brashi wakati wa maneno, vijiti wakati wa solo. Si sheria, ila ukibadilisha badilisha kwenye mpaka wa baa 8. Haihati (matoazi mawili ya kukanyaga kwa mguu) kwenye pigo la 2 na la 4 isikose wakati mwimbaji anavuta nyuma, nakubaliana na BesiMbao kwa asilimia mia.

Sauti ya konsonanti iko kwenye masafa yaleyale ya matoazi. "S", "t", "f" zinafunikwa na toazi kubwa kirahisi sana. Kama watu wa viti vya nyuma hawasikii maneno, kabla ya kupandisha maiki mwombe mpiga ngoma atoke kwenye toazi.

Tukipokezana baa nne nne na mwimbaji: baa zangu nne zinaisha kwenye pigo la nne la baa ya nne, sizidishi. Mpiga ngoma anayemalizia kwa kishindo juu ya pigo la kwanza la mwimbaji amemnyang'anya mlango. Mwimbaji naye aimbe melodi kimoyomoyo wakati wa baa zangu. Asihesabu "moja mbili tatu nne, mbili mbili tatu nne". Anayehesabu hupotea nikipiga mapigo matatu juu ya manne, anayeimba kimoyomoyo hapotei.

---

Nyuzi6

Nina hoja kinyume kidogo na BesiMbao na mleta uzi. Mnasisitiza sana kubaki nyumbani. Mwimbaji mzoefu hataki bendi inayomlinda muda wote, anataka bendi inayompendekezea. Mwimbaji Betty Carter alijulikana kwa kubadilisha mwendo katikati ya wimbo na kuwataka vijana wa trio yake (bendi ya watu watatu) wamwendee kwa kasi, na kwao wametoka wapiga piano kama John Hicks, Mulgrew Miller na Benny Green. Pale jukwaani alichotafuta ni bendi inayosikia anakoelekea kabla hajafika. Ukuta usingemtosha.

Kwa hiyo mimi nasema mpendekezee, ila kwa dozi. Pendekezo moja kwa kila baa 8, mwishoni mwa kipande, pale asipoimba. Kodi mbadala, au mdundo wa mwendo maradufu kwa baa mbili. Akilidaka, endeleeni nalo. Asipolidaka, liache na usirudie kwenye raundi hiyo.

Kuhusu gitaa na piano kuwa pamoja: mmoja akipiga kodi kwa uhuru, mwingine apige mapigo manne ya taratibu au asipige kabisa. Mpiga gitaa Freddie Green alikaa na bendi ya Count Basie kuanzia 1937 hadi alipofariki 1987 akifanya hasa kazi hiyo ya mapigo manne, mara nyingi kwa noti chache sana za kila kodi. Wawili wakipiga kwa uhuru, mmoja ataweka tisa ya kawaida na mwingine tisa iliyoshushwa, na mwimbaji yuko katikati.

Watu wawili tu, sauti na gitaa, ni fani nyingine kabisa. Ella na Joe Pass walirekodi albamu yao ya kwanza ya wawili mwaka 1973, na kinachofundisha pale ni kwamba Pass haendelezi besi, kodi na melodi kwa wakati mmoja. Anaruka kutoka moja hadi nyingine na sikio la msikilizaji linajaza pengo. Mpiga gitaa anayejitahidi kuwa bendi nzima anakosa mkono wa kujibu.

---

BesiMbao

Nyuzi6, hoja nzuri na naikubali nusu. Trio ya Betty Carter ilifanya naye kazi usiku baada ya usiku. Kwa waliokutana saa moja kabla ya onyesho, pendekezo la mwendo maradufu bila macho kukutana ni bahati nasibu. Kodi mbadala sawa, mwendo hapana, mpaka mwimbaji ageuke akutazame.

---

FundiMitambo

Wakuu, mengi ya mnayoyaita kosa la kusikilizana ni kosa la mahali mtu aliposimama.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Mpiga ngoma aliye mita 10 kutoka kwa mwimbaji anasikika kwake milisekunde 29 baadaye. Kwa mwendo wa 240 hiyo ni karibu robo ya nusu-pigo (milisekunde 125), na mtu anaisikia kama mwendo unaoburuta. Jukwaa kubwa lisiwadanganye, bendi ya watu wanne ikae ndani ya mita 3. Mwimbaji asimame kwenye mkunjo wa piano, anaonekana na mpiga piano na anaisikia piano bila monita (spika inayomrudishia mwanamuziki sauti jukwaani).

Kwenye monita ya mwimbaji: piano kwanza, besi pili, sauti yake mwenyewe kiasi cha kujisikia, ngoma karibu sifuri. Mwangwi usiwekwe kwenye monita. Mwangwi unarefusha kila noti na mwimbaji anaanza kusubiri iishe, mnadhani anavuta nyuma kwa ufundi kumbe anavutwa.

Maiki ambayo eneo lake la kusikia lina umbo la moyo haisikii nyuma yake kabisa, kwa hiyo monita ikae mbele ya mwimbaji, nyuma ya maiki moja kwa moja. Ile yenye umbo jembamba zaidi, supakadioidi, inasikia kidogo nyuma na uziwi wake uko kwenye pembe ya nyuzi 126 hivi kila upande, kwa hiyo monita ziwe mbili pembeni. Mkizikosea hizi maiki inaanza kupiga mluzi, fundi anashusha sauti, na mwimbaji anaacha kuimba taratibu. Utunzi wa papo kwa papo unahitaji sauti ya chini iwezekane.

---

Chipukizi_Sauti

Na nikipotea kabisa? Mfano nimeingia daraja wakati bendi bado iko A ya pili?

---

KinandaChaUsiku

Usirudi. Ukiingia daraja mapema, imba daraja kwa uhakika, bendi itakuja. Msikilizaji anafuata maneno, hafuati kodi, kwa hiyo aliye sahihi ni mwimbaji hata akiwa amekosea. Kibaya ni kusita katikati, maana bendi imeshaanza kukujia wakati wewe unarudi kwao.

Upande wa bendi, anayeamua kuruka ni besi, mtu mmoja tu. Piano isikie mzizi mpya ndipo ihame. Kama piano na besi zote zinajiamulia, kwa baa mbili mtakuwa mahali patatu tofauti. Mpiga ngoma awekee alama mwanzo wa daraja kwa pigo moja la toazi ili wote wajue "hapa ndipo moja".

Akipotea kwa pigo moja tu, yaani anaimba moja kwenye mbili yenu, hapo ngoma ndiyo hurekebisha: pigo moja linaongezwa au kupunguzwa mwishoni mwa kipande. Akipotea noti, hii ndiyo ile mara moja ya kupiga melodi. Noti mbili tatu juu ya kodi, kwa upole, na ukiona amekaa, acha mara moja. Na akianza peke yake bila ala kisha ikaonekana ameshuka nusu toni, bendi iingie alipo yeye. Mpiga piano aguse noti moja chini kabisa kwa siri, aijue kii, amwonyeshe besi kwa vidole.

---

SautiYaAlto

Nimalizie na mwisho wa wimbo, maana hapo ndipo mazuri yote hufutwa.

Mwisho wa kawaida ni kurudia baa nne za mwisho mara tatu. Badala ya kodi ya kwanza, bendi inakwenda kwenye ya tatu: kwa kii ya C ni E ndogo saba, A saba, D ndogo saba, G saba, kisha tena, na mara ya tatu ndipo inafika C. Mwimbaji azungushe kidole kabla ya marudio ya kwanza na ainue ngumi kwenye marudio ya mwisho, baa mbili kabla.

Kama unataka kusimama kwenye neno la kabla ya mwisho, inua kiganja wazi na usiteremshe hadi uwe tayari. Bendi yote inakaa kwenye kodi ya tano. Hapo mwimbaji yuko huru kabisa, anaweza kuzunguka noti zote anazotaka, kwa sababu mwendo umesimama na hakuna wa kumpita. Mpiga ngoma asianze kukoroga matoazi hadi neno la mwisho lisikike lote, konsonanti yake ikiwemo. Kiganja kikishuka ndio pigo la mwisho. Mpiga piano anayetaka kuongeza kodi moja ya juu baada ya hapo amtazame kwanza mwimbaji. Kama bado ana hewa kifuani na mdomo haujafungwa, hajamaliza.